Risasi Ndogo, Odilia

Odilia mwanangu,

Umekwenda Shanwe kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mapema. Nimekaa hapa nje kwenye kigoda. Karatasi nimeiweka juu ya sanduku lako la bati kwa sababu meza yetu inayumba. Treni ni kesho. Nguo umeshapanga mwenyewe, nauli unayo, na mambo ya kuchemsha maji ya kunywa na kufunga mlango huhitaji kuyasikia tena kutoka kwangu. Hayo sitayaandika.

Nataka kujibu swali lako la juzi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, ukaniambia kwamba ofisi ya wanyamapori unakokwenda kuripoti wana bunduki ndogo za aina tatu stoo, na kwa kuwa utapangwa kulinda mashamba ya watu, utaambiwa uchague moja. Ukaniuliza, "Baba, ungekuwa wewe ungechukua ipi?" Mimi nikaendelea kupukuchua. Ukangoja. Halafu ukaanza kuzungumza habari za mvua. Nafikiri ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Maneno hayakuja tu, kama yanavyofanya kwangu mara nyingi, na wewe umeshazoea kuishi na mtu wa namna hiyo.

Jibu ni hili: chukua tuu-tuu. Ile ya kawaida, yenye risasi fupi. Chuoni wamekufundisha majina yake ya vitabuni, lakini huko vijijini utawasikia wakiiita hivyo kwa sababu ya zile namba mbili mbili, "two-two" ya Kiingereza, zilizoandikwa kwenye boksi.

Najua utauliza kwa nini, maana hizo nyingine mbili zina nguvu zaidi. Ile magnamu ina ganda refu na inafika mbali kidogo. Ile honeti ndiyo kali kuliko zote tatu, nyani hata akiwa upande wa pili wa shamba inamwangusha. Zote ni nzuri. Mtu akiwa na honeti na risasi za kutosha na akili yake imetulia, mimi sina la kumwambia. Lakini wewe utakuwa kijijini, mbali na mji. Risasi za honeti utaletewa mara moja, zikiisha utaandika barua makao makuu, na utakapokuwa unasubiri majibu nyani watakuwa wanavuna. Bunduki isiyokuwa na risasi ni fimbo nzito. Tuu-tuu risasi zake zinapatikana hata kwenye miji midogo kama wetu, na ni rahisi kiasi kwamba unaweza kufanya mazoezi mpaka mkono wako uijue. Halafu haipigi teke begani. Mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya mlio, na wanaume wengi hufanya hivyo na kukataa katakata kwamba wanafanya.

Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni ndefu na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Yangu niliipata kwa yule mhandisi mgeni niliyekuwa namwendeshea gari, kipindi kile wanatengeneza barabara. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Mkataba wake ulipoisha akauza vitu vyake vyote, kitanda, jiko la gesi, friji. Wenzangu waligombea friji. Mimi nikaomba bunduki. Tukaenda polisi, nikajaza karatasi, wakanihoji mara mbili, nikapewa leseni kwa jina langu. Mama yako Yustina alipoiona akasema, "Wenzio wameleta maji ya baridi, wewe umetuletea mlingoti." Lakini aliishonea mfuko wa turubai siku ileile, kwa sindano ya magunia, ili vumbi lisiingie.

Mhandisi hakunifundisha kitu. Nilijifunza kwa kuharibu. Nilikuwa nanunua risasi popote ninapozikuta, boksi moja hapa mjini, jingine nikienda Tabora, nazichanganya zote kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Nikawa nakosa kanga aliyesimama wazi kabisa. Nikalaumu mtutu, nikalaumu upepo. Siku moja nikatundika karatasi kwenye kichuguu, nikakaa chini, nikapiga risasi za boksi moja, halafu za boksi lingine, bila kubadilisha kitu. Za kwanza zilikaa pamoja karibu kama mbegu za papai. Za pili nazo zilikaa pamoja, lakini chini na kulia, upana wa kiganja kizima. Kumbe kila aina ina njia yake. Tangu hapo nikachagua aina moja iliyopendwa na bunduki yangu na sikuichanganya tena. Fanya hivyo wewe mara tu utakapokabidhiwa. Usimwamini aliyekutangulia akikuambia imeshalengwa. Imelengwa kwa jicho lake na kwa risasi zake.

Kingine. Niliziweka risasi darini kwa mama yako, juu ya mafiga, nikidhani moshi unazilinda kama unavyolinda mbegu. Msimu mmoja wa mvua nikavuta kifyatulio, ikalia "ta" halafu kimya. Nikaanza kuifungua. Mama yako alikuwa nyuma yangu na akanishika bega, hakujua lolote kuhusu bunduki ila hakupenda ule ukimya. "Hebu ngoja kwanza," akasema. Nikangoja, mtutu ukiwa umeangalia chini, na ikalipuka ikachimba udongo mbele ya mguu wangu. Risasi ikikataa, hesabu pumzi zako kwa utaratibu, mtutu uelekee ardhini, na usione aibu hata kama kijiji kizima kinakutazama.

Na utazame nyuma ya unachopiga. Ile risasi ndogo watu huidharau kwa sababu mlio wake ni mdogo. Ikigonga maji au jiwe inadunda na kwenda isikotumwa, na ikikosa kabisa inakwenda mbali kuliko macho yako yanavyoona. Ndege akiwa juu ya mti na nyuma yake ni anga, mwache. Mimi nilikuwa napenda vichuguu. Ukiwa na kichuguu nyuma ya kanga, una ukuta.

Kuna zile zenye kitobo puani na zile zenye pua nzima. Zenye kitobo zinapasuka ndani ya mnyama. Kwa tumbili anayekula karanga za watu ndizo nzuri, anakufa haraka na risasi haitokei upande wa pili. Kwa kanga, kwale, sungura au ndezi unayetaka kumla, tumia yenye pua nzima, piga kichwa au shina la shingo, la sivyo utapeleka nyumbani manyoya na damu. Na kama kuna boksi la zile za polepole, chukua. Hazina mlio mkali, kundi la kanga linashtuka kidogo halafu linarudi kudonoa.

Sasa nimeandika yote ambayo bunduki hii inaweza. Utaona sijataja nguruwe pori.

Unajua jinsi mama yako alivyokufa. Wote wanajua, na nina hakika umesimuliwa na watu kumi kwa namna kumi. Kutoka kwangu hujawahi kusikia. Ulikuwa shule ya msingi bado, na asubuhi ile ulikuwa huko kwa bibi yako Shanwe kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Nitakuambia kama ilivyokuwa.

Ilikuwa wakati mahindi yana maziwa. Usiku mvua ilinyesha sana na hatukulinda. Kulipopambazuka Yustina akaenda kuangalia, akarudi anatembea haraka, hakukimbia. Akasimama mlangoni. "Baba Odilia, yumo. Bado yumo mle ndani, anakula tu kama kwake."

Nikachukua bunduki. Tukaenda wote. Alikuwa dume kubwa, mgongo wake unaonekana katikati ya mistari, na mabua aliyoyalaza yalikuwa mengi, kama mtu ametandika mkeka. Nilijua kwamba risasi yangu si ya mnyama yule. Sitasema sikujua. Lakini nilikuwa nimewahi kuua mmoja mdogo kwa kumpiga nyuma ya sikio, karibu kabisa, akaanguka hapohapo, na ile ilinipa kiburi. Yustina akanong'ona, "Piga basi, anatumalizia." Nami nilikuwa nimeshaweka jicho. Asingesema ningepiga vilevile. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu nimewasikia watu wakisema mama yako ndiye aliyelazimisha.

Nilipovuta, akageuza kichwa kufuata hindi. Risasi ikampata kwenye taya. Akalia mara moja, akaingia ndani zaidi, na shamba likanyamaza.

Tukasimama. Nikamwambia Yustina asisogee. Akasimama nami muda mrefu, hakusogea. Halafu tukasikia wake za Masanja wanakuja kupalilia upande wao, wanacheka. Masanja ndiyo kwanza alikuwa amehamia, huyu jirani yetu Msukuma, na njia ya kwenda shambani kwake ilikuwa inapita mwisho wa mahindi yetu. Wale wanawake walikuwa wanaelekea palepale alipoingilia yule mnyama. Nikapiga kelele, "Rudini! Rudini!" Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu, hawakusikia. Yustina akasema, "Nazunguka niwazuie," na akaenda. Alipita pembeni, nje kabisa ya shamba, kwenye uwazi, mahali ambapo mimi mwenyewe ningemwambia apite.

Akawafikia. Nilimwona amenyoosha mikono yote miwili, na wale wanawake wakasimama. Ndipo yule nguruwe akatoka. Hakutokea mbele yao, alikuja kwa upande, chini, na akampita tu. Ndivyo nilivyoona mimi, nilidhani amempita. Yustina alikaa chini kama mtu aliyechoka. Nguruwe akaendelea mbele kidogo na kusimama, na Masanja, aliyekuwa anakuja nyuma ya wake zake na mkuki wa kuchungia ng'ombe, akammaliza pale.

Jino lilikuwa limempasua paja kwa ndani. Kidonda hakikuwa kirefu. Nilikifunga kwa kanga yake na kwa mkanda wangu, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Mzee Venansi alikuwa anapita na baiskeli kutoka Katumba, anapeleka tumbaku kwa mwenziwe. Akabwaga mzigo wote njiani bila kuulizwa, tukamkalisha Yustina kwenye keria, mimi nikimshika kwa nyuma natembea, Venansi akiongoza usukani.

Barabara ya kwenda mjini unaijua. Mama yako alikuwa anazungumza. Alisema, "Nimeacha maharage jikoni." Nikamwambia wake za Masanja watayaepua. Akasema, "Waambie wasitie maji ya baridi, yatakuwa magumu." Nikamwambia nitawaambia. Baadaye akasema, "Odilia asipitie shambani akirudi." Halafu hakusema tena. Mimi nilikuwa natazama tairi la nyuma. Halikuwa na upepo wa kutosha. Nikawa nafikiri, Venansi anaendeshaje baiskeli yenye tairi kama hili, kwa nini hajalijaza. Nilifikiria lile tairi tu. Venansi ndiye aliyesimama, karibu na lile daraja dogo kabla hujaingia mjini. Akasema, "Kaka." Akasema tena, "Kaka, tusimame." Nikamuuliza kama amechoka.

Ndivyo ilivyokuwa.

Polisi walikuja wakachukua bunduki na maelezo ya kila mtu. Hilo lilikuwa sawa. Lakini linalobaki kati yako na mimi ni la jioni ile, ulipoletwa na bibi yako. Ulikuwa umesimama karibu na mlango, umeshika nguo ya bibi. Watu walikuwa wamejaa uani. Masanja akaja kwangu, mtu mzima, amevua kofia, na akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Odilia, samahani, yule mnyama tumfanyeje?" Maana alikuwa amelala pale shambani tangu asubuhi na ilikuwa ni nyama. Na mimi nikasema, "Gawaneni."

Nilisema kama mtu aliyeulizwa saa. Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa hasira. Wewe ukaniangalia. Sijui kama unakumbuka jinsi ulivyoniangalia, lakini mimi nakumbuka. Katika siku zote za matanga hukunijia, na nilipokuita ukaenda kwa bibi yako. Ulikuwa na haki. Mtoto gani angependa kukaa na mtu aliyesema vile.

Sikulia pale, sikulia makaburini, na sikulia baadaye. Watu walisema Alfonsi ana moyo wa jiwe. Wengine walisema labda alikuwa hampendi. Nilisikia yote, yalikuwa kama yanasemwa juu ya mtu wa kijiji kingine. Nilikuwa nalala vizuri. Hilo sijamwambia mtu hata mmoja. Nilikuwa nalala kama gogo, naamka, nalima, narudi. Padri alinijia akaniambia niyatoe yaliyo moyoni, nami nikachungulia moyoni kwa nia njema kabisa na sikuona kitu cha kutoa. Nilimkaribisha chai.

Sitaki uchukue hili kama utetezi. Nakuandikia kwa sababu katika kazi yako utakutana na watu waliofiwa na wanyama. Itatokea. Utafika nyumbani kwa mtu na bunduki yako begani, na utamkuta mtu anakuuliza habari za ngozi au za nyama au za kibali, macho makavu. Usimhukumu. Mpe anachouliza. Kaa naye kidogo.

Polisi walinirudishia bunduki baada ya muda. Waliniambia sina kosa la kisheria. Niliipokea kwenye ule mfuko wake wa turubai nikaipeleka ndani. Kila mwaka nililipia leseni na kuipaka mafuta, na sikupiga risasi hata moja. Sikuichukia. Watu walidhani naichukia. Ni chombo tu, na mimi ndiye niliyekipa kazi isiyokuwa yake.

Halafu Masanja akaja. Hili ulikuwa tayari sekondari, bweni, kwa hiyo hukuliona. Nguruwe walikuwa wameingia kwenye viazi vyake. Alikuja na wazee wawili, wakakaa, wakazungumza habari za ng'ombe kwanza. Mwisho akasema, "Jirani, tusaidie. Wewe una silaha."

Nikamwambia, "Hii haitoshi."

"Si uliua mmoja zamani? Watu wanasema ulimwangusha kwa risasi moja."

"Nilibahatisha."

"Basi bahatisha tena. Mimi nitasimama na mkuki."

"Masanja," nikamwambia, "sipigi."

Akasimama. Hakutukana, lakini alisema, "Kwa hiyo wewe unaogopa, na sisi watoto wetu walale njaa." Wale wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilikubali, kweli naogopa. Kesho yake nikaenda mjini kwa miguu, ofisi ya wanyamapori, nikaomba waje na bunduki kubwa. Wakaniambia gari halina mafuta. Nikarudi tena na tena, nakaa kwenye lile benchi lao mpaka jioni. Mwisho wakamtuma askari mmoja, akapiga wawili, waliobaki wakahama. Lakini nusu ya viazi vya Masanja ilikuwa imekwisha kuliwa, na kwa msimu mzima hakuitikia salamu yangu. Njia ni moja, kwa hiyo kila asubuhi nilimsalimia na kila asubuhi alipita.

Aliacha kunipita siku ambayo mwanawe mkubwa alijeruhi nguruwe kwa gobole la kuazima. Hakuna aliyeumia. Ila Masanja alikaa na watoto wake wote ndani ya nyumba siku nzima, mlango umefungwa, anamsikia yule mnyama anavyoguna kwenye mtama. Jioni alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa. Akakaa hapa nilipokaa sasa. Akasema, "Nimeelewa," na sikumuuliza nini.

Ndiyo maana nakuambia chukua ile ndogo kabisa, mwanangu. Ukiwa na honeti mkononi, siku moja mtu anayelia mbele yako atakuonyesha nguruwe, au chui aliyekula mbuzi, na utajiambia labda. Ina nguvu kiasi cha kukudanganya. Tuu-tuu hata mjinga anaona kwamba haiwezi. Wewe ni mtu wa huruma, unafanana na mama yako, na watu wataitumia huruma yako kukusukuma. Utawaambia ukweli: hii ni ya kanga na tumbili, kwa nguruwe naleta mtu mwenye kubwa. Watakuona mwoga, msichana wa mjini aliyepewa cheo. Watakuita hivyo mbele yako. Itauma zaidi kwa sababu wewe ni mwanamke na watakuwa wanakungoja ukosee. Waache waseme. Nenda kakae kwenye benchi la wakubwa wako mpaka gari lipate mafuta.

Na nyani. Utajaribiwa na nyani. Mimi niliwahi kumpiga nyani dume kwa tuu-tuu kutoka mbali, nikampata tumboni. Akapanda mti, akakaa kwenye tawi, akawa anajitazama pale palipotoboka na kupagusa kwa vidole. Kisha ananitazama mimi. Sikuwa na uhakika wa kumfikia tena na matawi yalimficha. Jioni alikuwa bado yuko juu. Nyani mpige akiwa karibu kabisa, kichwani, au usimpige. Piga hewani, piga debe, washa moto wa pilipili, lakini usimtoboe mnyama ili tu wenye shamba wasikie mlio na kuona kwamba unafanya kazi.

Jua linashuka, utarudi sasa hivi. Nimebakisha jambo moja, na hili sijui linaingiaje kwenye barua ya bunduki.

Mwaka jana ulipokuja likizo kutoka chuoni, kiangazi, karanga zimeshavunwa, nilitoka asubuhi nikarudi na kanga. Ulishangaa, ukasema, "Baba, umepiga?" Nikasema ndiyo. Sikukueleza kwamba nilikuwa nimekaa nyuma ya kichaka tangu jua halijatoka, na kwamba kundi lilipita mbele yangu mara mbili bila mimi kuinua mkono. Mara ya tatu mmoja alisimama mbele ya kichuguu. Nikapiga shina la shingo. Alikunja miguu tu.

Ulimpika wewe. Mzee Venansi alikuwa amekuja kutusalimia, tukakaa watatu. Ulikuwa umetia chumvi, halafu katika maongezi ukasahau, ukatia tena. Venansi alionja mchuzi, akatema pembeni kwa adabu, akasema, "Odilia binti yangu, umetumwagia gunia zima?" Ukashika mdomo. Ulitaka kuondoa sufuria, na mimi nikalizuia kwa mkono. Nikala. Nikamega ugali, nikachovya, nikala, nikachovya tena. Ukaniambia, "Baba acha, usijilazimishe kwa ajili yangu." Nikasema ni tamu. Mkacheka wote wawili. Najua ulifikiri nakuficha aibu, na tangu siku hiyo umekuwa mpole zaidi kwangu, kama mtu aliyetendewa wema.

Haukuwa wema, Odilia. Tangu siku ya lile daraja nilikuwa nakula kama mtu anavyojaza gunia, asubuhi na jioni, bila kujua kilichokuwa kwenye sahani. Ungenipa pumba ningekula. Siku ile ulimi ukaniwaka. Machozi yakanitoka na koo likakauka, na nikawa najua kabisa kwamba ninakula kanga, kwamba nyama yake ni ngumu kidogo, kwamba umeweka kitunguu, kwamba mpishi ni wewe. Niliisikia ile chumvi. Nilitaka kukuambia uniongeze, lakini ulikuwa umeshaumwaga mchuzi uani, unacheka.

Baba yako,
Alfonsi